Maswali ya Wasomaji: Muogeleaji Mdogo na Njia ya Chuo Kikuu cha Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu watoto wanaoogelea kwa ushindani, na wazazi wanaotumaini kwamba siku moja kuogelea kutawafikisha watoto hao katika chuo kikuu cha Marekani. Tumaini hilo lina msingi. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea katika timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2008 mjini Beijing aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo wa mita 100 za mtindo wa kipepeo, japo rekodi hiyo haikudumu. Mdogo wake, David, aliogelea katika Chuo Kikuu cha Arizona. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alipitia Chuo Kikuu cha Auburn, akatwaa medali 7 za Olimpiki, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mara nyingi, hata hivyo, safari ya aina hii huharibiwa mapema na watu wazima wenye haraka, na kwa sababu hiyo ninaanza na barua ya Mombasa.

Binti yangu ana umri wa miaka 11 na huogelea mara nne kwa wiki. Kocha wake mpya anataka afanye mazoezi mara tisa kwa wiki, alfajiri kabla ya shule na jioni, na ajikite katika kipepeo peke yake kwa kuwa ndiko anakoshinda. Anasema vyuo vya Marekani huanza kuwatazama watoto mapema. Je, nikubali?
*Mama wa muogeleaji, Mombasa*

Mama, ushauri wangu ni kwamba usikubali, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili linagusa mwili wa mtoto.

Nianze na hoja ya vyuo. Chini ya kanuni za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu vingi vya Marekani, kocha wa daraja la kwanza, yaani la juu kati ya madaraja matatu ya shirika hilo, haruhusiwi kuanza mazungumzo ya kumsajili muogeleaji kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwanafunzi huyo kumaliza mwaka wake wa kumi wa masomo, yaani akiwa na umri wa miaka 15 au 16. Hakuna kocha wa chuo anayefanya uamuzi kwa kutazama muda wa mtoto wa miaka 11, na ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Katika umri huo, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyetangulia kukua: ana mikono mirefu na nguvu kuliko wenzake wa rika lake. Wenzake wakikua, tofauti hiyo hupungua au hutoweka kabisa, na mtoto aliyezoea kushinda kwa ukubwa wa mwili bila kujifunza ufundi hujikuta akipitwa na watu aliowaacha nyuma kwa miaka minne, asijue kilichobadilika.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Chukua zoezi moja la mita 3,000 katika bwawa la mita 25. Hizo ni safari 120 za kuvuka bwawa, na mtoto wa miaka 11 hupiga mikono yapata mara 22 katika kila safari anapoogelea mtindo huru. Kila bega litazunguka zaidi ya mara 1,300 katika zoezi hilo moja, na kwa mazoezi tisa ya aina hiyo hesabu inakaribia mara 12,000 kwa wiki. Misuli midogo inayolishikilia bega la mtoto bado haijakomaa kubeba kazi hiyo. Maumivu ya bega ni miongoni mwa madhara yanayojulikana sana katika mchezo huu, na huanza polepole: mtoto hukunja kiwiko vibaya ili kukwepa maumivu, mtindo unaharibika, kisha kocha asiyeangalia kwa makini humwongezea mazoezi kwa kudhani amekuwa mvivu. Kipepeo huongeza mzigo zaidi, kwa sababu mikono yote miwili hutoka majini kwa pamoja na mgongo hupinda na kunyooka katika kila pigo.

Kwa maoni yangu, mazoezi manne au matano kwa wiki, kila moja la saa moja hadi saa moja na nusu, yanamtosha kabisa mtoto wa umri huo, na muda mwingi utumike katika ufundi wa mitindo yote minne. Mtoto anayejifunza kuogelea chali, mtindo wa chura, kipepeo na mtindo huru hugawa mzigo katika misuli tofauti, na anajiwekea akiba ya uchaguzi. Binti yako hajui bado mwili wake utakuwa wa namna gani akifika miaka 17, na kocha wake hajui pia. Huenda urefu wa miguu yake ukamfanya awe hodari wa kuogelea chali, au moyo na mapafu yake yakafaa zaidi kwa mbio ndefu.

Unapozungumza na kocha, usimjie kwa ugomvi. Mwombe akueleze anachokusudia binti awe ameweza kukifanya baada ya mwaka mmoja. Kocha mzuri atakujibu kwa mambo ya ufundi: kupumua pande zote mbili, kujinyoosha vizuri anapojisukuma ukutani, kugeuka bila kupoteza mwendo. Akikutajia medali tu, una haki ya kutafuta kocha mwingine.

Naongeza neno moja ambalo hukuliuliza. Mtoto asipimwe uzito mbele ya wenzake, wala umbo lake lisizungumzwe kando ya bwawa. Wasichana wengi huuacha mchezo huu wanapobalehe, na maneno ya watu wazima juu ya miili yao yana sehemu kubwa katika jambo hilo. Mzazi yeyote awe na ruhusa ya kuketi na kutazama mazoezi wakati wowote; klabu inayomfungia mzazi mlango haistahili kukabidhiwa mtoto.

Shikamoo Kocha. Nina umri wa miaka 16 na naogelea mita 100 na 200 mtindo huru. Nataka kuwaandikia makocha wa vyuo vya Marekani, lakini matokeo yao yapo katika yadi na siyaelewi. Pia kuna mtu anataka tumlipe ili anitafutie ufadhili wa asilimia mia. Nifanye nini?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Mashindano ya vyuo vya Marekani huogelewa katika mabwawa ya yadi 25, ambayo ni mita 22.86. Kwa hiyo yadi 100 ni mita 91.44, na muda wake utakuwa mfupi kuliko wa mita 100. Usijibadilishie muda wako mwenyewe ili uonekane wa kuvutia. Mwandikie kocha muda halisi, taja kama bwawa lilikuwa la mita 50 au 25, tarehe na jina la mashindano. Makocha wa huko husoma matokeo ya mita kila siku na wana majedwali yao.

Kinachokupasa kuelewa ni jinsi kocha anavyofikiri. Msimu huanza Septemba na kufikia kilele chake Februari, katika mashindano ya kundi la vyuo ambalo chuo cha kocha huyo kimo ndani yake, kisha Machi huwa na fainali za kitaifa. Katika mashindano ya makundi, kwa kawaida waogeleaji 16 au 24 wa kwanza katika kila mbio huleta pointi, na mbio za kupokezana huleta pointi maradufu. Kocha anaposoma barua yako anajiuliza utamletea pointi ngapi. Basi jiulize swali hilo kabla yake: tafuta matokeo ya Februari iliyopita ya kundi la chuo unachokitaka, uone aliyeshika nafasi ya 16 alitumia muda gani. Ukiwa karibu naye, andika kwa ujasiri. Ukiwa mbali sana, tafuta chuo kinachokufaa zaidi. Vipo vya kutosha. Anayeweza mita 100 na 200 mtindo huru ana bahati, kwa sababu mbio nyingi za kupokezana zinahitaji watu wa namna yake.

Ama kuhusu fedha, huyo anayeahidi asilimia mia mwogope. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, na ya wanawake 14, na kocha aligawa fungu hilo kwa timu nzima, kiasi kwamba wengi walipata sehemu na wachache sana walipata yote. Tangu msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyojiunga na mapatano ya kesi kubwa ya wanamichezo wa vyuo vimeondolewa kikomo cha ufadhili, na badala yake vimewekewa kikomo cha idadi ya watu katika timu. Matokeo yake ni kwamba nafasi zimepungua katika timu zilizokuwa kubwa na ushindani wa kuingia umeongezeka. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, wala Harvard, Yale, Princeton na wenzao wa kundi la Ivy, ingawa vyuo hivyo vinaweza kutoa msaada kwa kutazama masomo au uwezo wa familia. Masomo yako basi yana thamani ya fedha. Katika vyuo vingi, alama nzuri za KCSE zitakusaidia kulipa karo kuliko nusu sekunde.

Kuwaandikia makocha hakuna malipo. Anwani zao zipo wazi katika tovuti za vyuo. Andika barua fupi kwa jina la kocha, eleza muda wako, alama zako, urefu wako, mwaka utakaomaliza shule, na uambatanishe video inayoonyesha kuruka kwako, kugeuka na mtindo chini ya maji. Usikawie baada ya kumaliza sekondari, kwa sababu kanuni huhesabu muda tangu ulipomaliza, na kuchelewa kunaweza kukupunguzia miaka ya kushindana. Jisajili mapema katika kituo cha NCAA kinachothibitisha sifa za wanafunzi, na utunze vyeti vyako vyote vya asili. Fahamu pia kwamba visa ya mwanafunzi huzuia aina nyingi za kazi nje ya chuo, zikiwemo nyingi ya zile za matangazo ambazo wenzako Wamarekani wanazifanya, hivyo usiziweke katika hesabu za familia.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Tunatumia bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 20, na tunapewa upande mmoja tu. Je, ninaweza kumwandaa muogeleaji wa kweli, au ninawapotezea watoto muda?
*Mwalimu, Arusha*

Mwalimu, huwapotezei muda. Anthony Nesty alikulia Suriname wakati nchi nzima ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. Alikwenda Florida kumalizia sekondari, na mwaka 1988 mjini Seoul akamshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 kipepeo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01. Baadaye akaogelea katika Chuo Kikuu cha Florida, akawa kocha hapo hapo, na katika Olimpiki ya Paris ya 2024 aliiongoza timu ya wanaume ya Marekani.

Bwawa fupi lina faida yake. Mbio za yadi 100 zina migeuko mitatu, za yadi 200 zina saba, na mbio ndefu kuliko zote, za yadi 1,650, zina migeuko 65. Katika mtindo huru, kuogelea chali na kipepeo, muogeleaji huruhusiwa kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kila ukuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mashindano ya vyuo huamuliwa ukutani na chini ya maji. Wewe una kuta nyingi. Fundisha mguso, mzunguko, miguu kutua sawasawa, mwili kunyooka kuanzia ncha za vidole hadi visigino, kisha mateke ya pomboo, yaani miguu miwili kupiga kwa pamoja, yenye kasi. Nimewaona watoto wa mabwawa ya mita 50 ambao huogelea vizuri katikati na kupoteza kila kitu ukutani.

Hapo hapo naweka onyo ambalo naomba ulichukue kwa uzito. Usiwaruhusu watoto washindane kubana pumzi chini ya maji, wala kuvuta pumzi nyingi mfululizo kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hupunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na kwa kuwa gesi hiyo ndiyo inayomhimiza mtu kupumua, mtoto anaweza kupoteza fahamu bila dalili yoyote na kufa maji katika bwawa la kina kifupi. Mateke ya chini ya maji yawe mafupi na yenye mapumziko ya kutosha, na awepo mtu mzima anayetazama bila kushughulika na kingine.

Upungufu wako utakuwa katika muda rasmi, kwa sababu matokeo ya mita 20 hayatambuliwi. Jitahidi kuwapeleka walau wale wakubwa katika mashindano ya chama cha taifa yanayofanyika katika bwawa la mita 25 au 50, na uwape siku moja ya kulizoea kabla ya kushindana.

Mwanangu wa miaka 14 amerefuka ghafla na muda wake umekuwa mbaya kuliko wa mwaka jana. Anataka kuacha.
*Baba, Dodoma*

Ndugu yangu, hilo hutokea kwa vijana wengi. Mikono na miguu imerefuka kabla misuli haijapata nguvu ya kuiendesha, na mwili hauelei tena kama alivyouzoea. Mwambie kocha apunguze umbali kwa miezi kadhaa na arudi kwenye ufundi, kisha apime mambo mengine badala ya muda: idadi ya mikono katika safari moja, umbali anaofika baada ya kujisukuma ukutani. Hakikisha analala saa nane au zaidi na anakula kabla na baada ya mazoezi. Akiwa na uchovu usioisha, mpeleke akapimwe damu. Kama baada ya hapo bado anataka kupumzika kwa muhula mmoja, mruhusu, na ada ya klabu uiulizie kwanza, kwa kuwa baadhi ya klabu hukubali kumhifadhia mtoto nafasi yake.