Jibu: Kumpima mgonjwa nguvu iliyobaki bila sindano

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama kuna njia ya kujua mzee amebakiwa na nguvu kiasi gani kabla ya operesheni, bila kutobolewa tena. Zipo.

Ninachokiamini zaidi ni kipimo cha kiti. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5 bila kujishika. Akizidi sekunde 15, misuli yake imepungua nguvu, na daktari anapaswa kujua. Simama karibu naye asije akaanguka, na akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aache hapo hapo. Kingine ni kutembea mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida: sekunde 5 au zaidi ni dalili ya udhaifu. Hospitali nyingine hupima pia umbali anaotembea kwa dakika 6 na nguvu ya kiganja kukamata.

Kuhusu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hivyo hata mtu mzima wa afya namba yake yaweza kuwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Dar. Na baridi hii ya Juni vidole vikipoa kifaa hudanganya, mpashe mikono kwanza. Ila namba ikibaki chini ya asilimia 90, tafadhali mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Andika matokeo yote na tarehe, umpe daktari wa usingizi kabla ya operesheni.