OJS yenyewe ni bure, gharama iko kwingine

Ndugu mliouliza kama jarida la chuo binafsi hulipia leseni ya OJS, hakuna ada hiyo, hata jarida likiwa la chuo binafsi: Open Journal Systems (OJS), programu ya kuendeshea majarida ya kitaaluma mtandaoni, hutolewa na Public Knowledge Project ya Kanada chini ya leseni huria ya GNU GPL, kwa hiyo mnaruhusiwa kuipakua, kuitumia na hata kuirekebisha bila kumwomba mtu kibali. Ninalihudumia jarida la idara yetu kwa programu hiyo, na kazi yote hupita humo, tangu mwandishi anapowasilisha mswada, mhariri anapoutuma kwa wahakiki, hadi toleo linapochapishwa mtandaoni. African Journals Online, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, ambako jarida la Kioo cha Lugha linapatikana, nayo inaendeshwa kwa OJS.

Mtakachogharimia ni seva, jina la kikoa, uanachama wa Crossref, shirika la kusajili DOI, mkitaka makala zipewe DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, na zaidi ya yote mtu wa kusasisha programu na kutunza nakala rudufu. Hapo msibane matumizi.

Tahadhari moja kubwa: wakati wa kusimika, folda ya mafaili, ile inayotajwa kama files_dir katika faili la mipangilio la OJS, config.inc.php, iwekwe nje ya folda ambayo seva huionyesha kwa umma, la sivyo miswada isiyochapishwa na ripoti za wahakiki, ambao waliahidiwa siri, zinaweza kusomwa na yeyote atakayebahatisha anwani zake.