Gemu lenye alama 70: kununua au kuacha? Jibu kwa mdau wa Mad Max na Days Gone

Mkuu, swali lako ni hili: una PS4 ya mtumba, una hela ya CD moja tu, muuzaji kakuwekea mezani Mad Max na Days Gone, ukapita Metacritic, ile tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, ukakuta ya kwanza ina 69 kati ya 100 na ya pili 71. Sasa unahisi unauziwa mbuzi kwenye gunia. Waliokujibu kabla yangu, nusu wamesema wahakiki wanahongwa, nusu wamesema lolote chini ya 80 usiguse. Mimi nimezimaliza zote mbili, Mad Max mara mbili, kwa hiyo nivumilieni niandike kirefu.

Tuanze na hiyo 71. Sisi tuliopita mikononi mwa Necta, 71 ya kidato cha nne ni B, nyumbani anachinjwa kuku. Kwa Mmarekani, 70 shuleni ni ya mtoto aliyenusurika chupuchupu, na chini ya 60 kafeli. Tovuti kubwa zilizozoesha dunia kupima magemu ni za huko, na mizani yao imekaa kama darasa lao: 7 kati ya 10 maana yake "haina neno", 6 ni aibu, 5 kushuka ni msiba. Jarida la Edge la Uingereza linaonekana katili kwa sababu moja tu, kwamba wao 5 wanaihesabu kuwa katikati kweli. Metacritic nao wanakaza zaidi upande wa magemu. Filamu ikifika 61 inapakwa kijani, gemu linasubiri mpaka 75. (Ajabu, 75 ndiyo A ya Necta pia.) Kwa hiyo filamu yenye 69 inatembea kifua mbele, gemu lenye 69 linavaa njano kama beki aliyeonyeshwa kadi.

Kuhusu kuhongwa, kisa kinachojulikana sana kinakwenda kinyume na mnavyosema. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, alilipatia gemu la Kane & Lynch alama 6, wakati matangazo ya gemu hilohilo yametapakaa kwenye tovuti yao. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 alipofunguka, alieleza kwamba wakubwa walikuwa hawazitaki alama za chini alizokuwa akitoa, hiyo ikiwemo. Ona shinikizo lilikotoka: kusukuma alama juu. Mhakiki aliyeandika 7 hajalipwa na mtu ili aliponde gemu. Kachoka tu.

Na huko kuchoka ndiko kulikonifanya niandike. Mhakiki anapewa gemu siku chache kabla halijatoka, ana tarehe ya kuchapisha, na gemu la saa 40 analimaliza ndani ya wiki akiwa na mengine mawili mezani. Mad Max lilitoka tarehe 1 Septemba 2015, siku moja na Metal Gear Solid V, gemu lililopata 93. Hebu fikiria unatoka kula biriani unawekewa ugali. Ugali hauna kosa lolote, lakini utauandikaje?

Nenda kasome hakiki za Mad Max, karibu zote zinarudia neno moja: marudio. Na ni kweli. Unavamia kambi, unaangusha minara, unapanda puto kupima eneo, unakusanya vyuma chakavu, kisha unahamia eneo jingine na kuanza upya. Wakubwa wa zile kambi wanapigana kwa staili moja, ukishampiga mmoja umewapiga wote. Sibishi hata kidogo.

Ila mimi nililicheza hivi. Wakati ule nilikuwa na kazi ya zamu na mtoto mchanga. Nilikuwa napata saa moja usiku, zikiwa nyingi moja na nusu, na CD hiyo moja ilinitosha miezi mitatu. Kambi moja, kulala. Kesho yake nachambua uwanja wa mabomu na yule mbwa wa kwenye gemu anayeyanusa, kulala. Yale "marudio" kwangu yakawa kama kucheza bao barazani: hakuna anayelalamika kwamba jana pia tulicheza bao. Kisha kuna gari. Nalipenda lile gari kuliko magari ya magemu mengi yenye 90. Unalijenga kwa vyuma chakavu mpaka linafanana na tamaa yako, fundi wako Chumbucket anakaa nyuma kama konda, ukishuka analitengeneza, na ana chusa, mkuki wenye kamba. Unachoma chusa kwenye mlango wa gari la adui, unavuta, mlango unang'oka, ukichoma tena unamng'oa dereva mwenyewe. Dhoruba ya mchanga ikikukuta porini unazima taa za sebuleni ili uione vizuri. Hakuna alama inayobeba hayo, na ni haki yake, kwa sababu aliyecheza saa 40 kwa siku tano kufikia siku ya tatu chusa keshaizoea.

Days Gone ni kesi tofauti. Malalamiko ya wahakiki mwaka 2019 yalikuwa makubwa mawili: linachelewa kuchanganya, na lilitoka na kasoro za kiufundi, picha kukwama na kadhalika. La kwanza utalikuta vilevile leo. Saa kumi za mwanzo Deacon, mhusika unayemchezesha, anatumwa huku na kule kama mtoto wa dukani, na yale makundi makubwa ya mazombi yaliyowekwa kwenye matangazo unayaona kwa mbali tu. Ukifika kwenye kiwanda cha mbao, ambako kundi lina mazombi mia kadhaa na wote wanakukimbiza kwa pamoja, ndipo utaelewa kwa nini watu walivumilia. Mimi nilikufa pale mara sijui ngapi, jirani akagonga ukuta.

La pili, la kasoro, wenzetu wanakwambia "hilo limesharekebishwa, hizo ni hakiki za zamani". Kweli, limerekebishwa. Lakini masahihisho hayapo kwenye CD! Yanashushwa mtandaoni, na mimi nilipoweka CD iliniomba zaidi ya giga 20. Wewe unatumia bando la simu au una fibre? Mzungu anayesema "sasisho limetatua kila kitu" hajawahi kushinda anahesabu MB zinavyoyeyuka. Kwa mtu asiye na intaneti ya nyumbani, hakiki ya siku ya kwanza bado ni hakiki sahihi, maana gemu atakalocheza linakaribiana na lile walilocheza wao. Hili sijaona mtu akilisema humu na ndilo lingekuwa la kwanza kuulizwa.

Kitu kingine kuhusu pikipiki ya Days Gone. Wahakiki kadhaa walichukia kwamba inakula mafuta na inaharibika, unashuka kila saa kutafuta dumu. Mimi niliyewahi kuendesha boda miezi minane nilicheka. Kuzima njiani usiku huku tenki kavu na kitu kinakohoa vichakani, hiyo kwangu haikuwa kero, ilikuwa kumbukumbu. Ukiboresha tenki baadaye shida inapungua.

Usinielewe kwamba 70 zote ni dhahabu iliyofichwa. Nilishaingizwa mjini. Kuna moja, jina naliacha, lilikuwa na 60 na kitu, nikajifanya mjanja kuliko wahakiki kwa sababu ya Mad Max. Wao waliandika kwamba ukiwa peke yako hakuna cha kufanya, linahitaji marafiki watatu mtandaoni. Nikapuuza. Nimefika nyumbani, intaneti inasuasua, wachezaji wenyewe walishahama, nikabaki nimesimama kwenye ukumbi mtupu nikiangalia mlango. Nililiuza wiki ile ile kwa nusu ya bei. Lawama ya namna ile haiponi kwa muda wala kwa kucheza taratibu. Ya marudio inapona ukicheza kidogokidogo, ya kasoro inapona ukiwa na bando, ya "hakuna watu" inazidi kuoza.

Kwa hiyo namba iangalie kisha iache, shuka kwenye maandishi utafute neno linalorudi kwa watu watatu wanne. Wastani unaficha mengi mno. Deadly Premonition, gemu la mwaka 2010, tovuti ya IGN waliipa 2 kati ya 10, wenzao wa tovuti ya Destructoid wakaipa 10 kamili, na Metacritic kwenye Xbox 360 inasoma 68. Hiyo 68 siyo maoni ya IGN wala ya Destructoid. Ni kama mmoja kasema chai ni moto, mwingine kasema barafu, ukaandika "vuguvugu".

Sasa uamuzi wako. Kama nyumbani huna intaneti ya uhakika, chukua Mad Max leo, lilinikubali vizuri na CD yenyewe tu. Kama una fibre, au kuna ofisi utakayoazima waifai yao Jumamosi, Days Gone lina hadithi nzuri zaidi na litakukalisha muda mrefu, ila jipe subira zile saa kumi. Vyovyote, mwambie muuzaji aiweke CD kwenye mashine yake na aisakinishe mpaka mwisho mbele yako, siyo kukuonyesha picha ya mwanzo tu. Geuza nyuma pia kwenye mwanga uone mikwaruzo. Na hiyo bei atakayokutajia, mkuu, omba apunguze. Mwambie Metacritic wameipa njano.