Jina likifutwa, kijiji bado kinakujua

Vijana wa utafiti wamefika zahanati, wanataka kupiga picha kurasa za kitabu cha MTUHA, rejesta yetu ya wagonjwa, kwa simu. Niwaruhusu? (Mganga mfawidhi)

Wape viti, wape maji, kitabu kifunge. Ukurasa mmoja tu una jina, umri, kitongoji na ugonjwa wa kila aliyefika siku hiyo. Omba kwanza kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na barua ya mganga mkuu wa wilaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwenye kibali halisi hakasiriki kuulizwa.

Wakishafuta majina, si yamekwisha? (Mwalimu)

Hapo ndipo wengi tunapojikwaa, mwalimu. Dar es Salaam, mwanamke wa miaka 41 mwenye kisukari ni mmoja kati ya wengi mno. Kwenye kijiji cha kaya 200, ongeza "alijifungua mapacha Machi", na muuza genge atakutajia hadi jina la babu yake. Kwa hiyo umri uwekwe kwa makundi, tarehe ibaki mwezi au robo mwaka, na kijiji kifichwe ndani ya kata. Jedwali likiwa na wagonjwa wawili tu wa ugonjwa fulani, waandike "chini ya 5".

Watafiti hunung'unika, na wakati mwingine wana hoja: anayesaka chanzo cha kipindupindu lazima ajue ni kisima kipi. Huyo afanyie kazi palepale wilayani, kwenye kompyuta ya ofisi, aondoke na majibu bila faili.

Mama mmoja huja kliniki kwetu na pia kwenye zahanati ya misheni. Bila majina watajuaje ni yuleyule? (Mkunga)

Wilaya impe namba moja ya siri kabla taarifa hazijatoka. Shida ni kalamu zetu: kwenu Mwanahamisi, kule Mwanahamis, tayari ni akina mama wawili. Kubalianeni tahajia kabla hamjadai kompyuta mpya.

Kila mwaka wanachukua. Sisi tunapata nini? (Mjumbe wa kamati ya zahanati)

Swali la haki kabisa. Miaka ya 1990, Morogoro Vijijini na Rufiji, wahoji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na kwa nini. Morogoro ikaonekana kwamba malaria ilibeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa watu kufa mapema, huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996. Halmashauri zikahamisha fedha kuelekea magonjwa yaliyokuwa yakiua, na vifo vya watoto vikashuka.

Ila pale takwimu zilirudi kwa wapanga bajeti wa wilaya ileile. Zenu zinakwenda wapi? Wadai waje mkutano mkuu wa kijiji na matokeo ya mwaka jana, kwa Kiswahili, ndipo mfungue kabati tena.