Nitamkataaje mgonjwa wa nane?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Mombasa, sasa niko Texas karibu na Dallas, kazi yangu ni kuzungukia wagonjwa majumbani: vidonda, insulini, katheta, wazee waliotoka hospitali juzi. Nilipoajiriwa niliambiwa wagonjwa watano kwa siku, siku hizi ni saba, alafu saa nane mchana meseji inaingia kutoka kwa dada wa ratiba, "nisaidie na huyu mmoja tu, katoka hospitali leo na lazima aonwe leo". Nikifika nyumbani watoto washalala, nafungua tableti naandika ripoti mpaka saa sita usiku. Nalipwa kwa saa lakini hizo za usiku hakuna anayezihesabu. Naogopa kukataa manake nilikuja na grin kadi ya unesi na nyumbani wananitegemea, na mwenzangu ameniambia ukimkataa mgonjwa unaripotiwa kwa bodi ya manesi kwamba umemtelekeza. Nifanye nini?
Nesi wa barabarani, Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na leseni kwa sababu naona ndiyo imekufunga mdomo, na ulivyoambiwa sivyo. Kumtelekeza mgonjwa ni pale umeshamkubali, umeshachukua dhamana yake, kisha unaondoka bila kumkabidhi kwa mtu. Mgonjwa ambaye jina lake limeingia kwenye simu yako sasa hivi na bado hujasema ndiyo, ukijibu kwamba leo hutaweza hujamtelekeza. Ila jibu pale pale. Ukinyamaza ukamwacha kwenye orodha ukitumaini utapata nafasi, alafu saa mbili usiku ndio unaandika kwamba hukufika, hapo umejiweka pabaya wewe na yule mzee aliyekaa akingoja sindano yake.

Na hiyo "lazima leo" uwe unaiuliza. Kanuni za Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, zinataka mgonjwa mpya aonwe ndani ya saa 48 tangu ajensi, yaani kampuni iliyokuajiri, ipokee rufaa yake au tangu arudi nyumbani, au siku ile ile aliyoandika daktari. Kwa hivyo aliyetoka hospitali leo mchana, kama daktari hakutaja siku, kesho asubuhi bado yuko ndani ya muda. Yupo ambaye kweli hangoji, kwa mfano mwenye dawa ya mshipani inayotakiwa jioni, huyo ni wa leo, lakini basi mmoja atolewe kwenye orodha yako apewe nesi mwingine au asogezwe kesho. Ajensi ina haraka kwa sababu tangu Januari 2020 Medicare inailipa kwa vipindi vya siku 30 kwa kila mgonjwa, si kwa kila safari unayokwenda wewe, na mgonjwa mpya ndiye anayefungua malipo. Naielewa shida yao, lakini dawa yake ni kuajiri nesi mwingine.

Sasa hesabu. Mgonjwa wa kawaida mpe dakika 45 ndani ya nyumba, 30 za barabarani (na foleni za Dallas unazijua), 20 za ripoti na kumpigia daktari. Jumla dakika 95. Wagonjwa watano ni dakika 475, yaani saa nane kasoro dakika tano, na hapo hujala wala hujaenda choo! Kwa hiyo wale watano ulioambiwa mwanzo ndio siku nzima ya kazi. Na mgonjwa mpya hahesabiwi kama mmoja, kuna OASIS, fomu ya kumtathmini mgonjwa yenye maswali hayaishi, kuna dawa za kukagua chupa kwa chupa, kuna kumtazama anavyoinuka kitini na anavyoingia bafuni, mimi humhesabu ni wawili na ajensi nyingi zina mfumo wa pointi unaofanya hivyo hivyo. Uliza kama yenu inao, na kama upo ongea kwa pointi, usiongee kwa uchovu, manake ukisema nimechoka utajibiwa sote tumechoka.

Meseji yako iwe hivi: "Leo nina wagonjwa saba na mmoja wao ni mpya, siku yangu imejaa. Huyu naweza kumwona kesho saa tatu asubuhi. Kama lazima awe leo, naomba yule mgonjwa wangu wa mtaa wa Garland apewe mtu mwingine, nijulishe sasa hivi ili nimpigie simu." Basi. Usieleze habari za watoto, usiombe radhi mara tatu, na iwe kwa maandishi hata kama mmeshaongea kwa simu.

La pesa nalichukulia kwa uzito sana. Ukilipwa kwa saa, kuandika ripoti nyumbani ni kazi na kuendesha kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine ni kazi, sheria ya Marekani inataka vyote vilipwe, na zikipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Safari ya asubuhi kwenda kwa mgonjwa wa kwanza kwa kawaida haimo. Anza leo kuandika saa zako zote kwenye fomu ya saa, za usiku pia. Wakizikata, Wizara ya Kazi ya huko hupokea malalamiko bure na kwa siri.

Wewe uko Texas, na Texas ina kinga ya manesi inaitwa Safe Harbor. Ukipewa kazi unayoamini kwa dhati itamhatarisha mgonjwa, unaiomba kwa maandishi pale pale unapopewa, si baada ya jambo kuharibika, na suala linapelekwa kwa kamati ya manesi wenzako huku leseni yako ikilindwa na mwajiri akikatazwa kukulipizia kisasi. Fomu iko kwenye tovuti ya bodi yenu, ichapishe uiweke kwenye gari.

Grin kadi ni yako, bosi hana uwezo wa kuifuta. Kama ulisaini mkataba wa miaka fulani soma kile kipengele cha kuvunja mkataba, na ukitaka kuhama mwonyeshe wakili kwanza.

SWALI: Dada, binti wa mgonjwa wangu ananipigia kwenye simu yangu binafsi hata saa saba usiku. Ni mtu mzuri na mamake anaumwa kweli, naona vibaya kutopokea.
Mama Asha, Minnesota

JIBU: Mama Asha, usiku huo nesi wa zamu wa ajensi yuko macho na ana faili la mama, wewe umelala na huna faili mkononi, kwa hiyo hata kwa mama mwenyewe ni salama zaidi apigiwe yule. Ukienda kwao tena mwandikie binti namba ya zamu kwa herufi kubwa mbandike kwenye friji, na chini yake 911, namba ya dharura, kwa kifua kubana, kupumua kwa shida au kuanguka akagonga kichwa. Umwambie kwa upole kwamba simu yako unaizima saa tatu usiku. Kisha uizime kweli.