Usisaini fomu ya kutolewa kizazi kabla hujauliza kuhusu ovari

Mleta uzi, weka kando kwanza habari za bei na siku za kulazwa. Umeandika una miaka 42, uvimbe kwenye kizazi unakumwagisha damu kila mwezi, Jumanne unapasuliwa hapo Moshi, na fomu "utasaini tu maana wao ndio wanaojua". Hapo ndipo moyo ulipopiga paa. Usisaini hivyo!

Mimi nilisaini hivyohivyo hapa Arusha nikiwa na miaka 41. Nilijua natolewa kizazi, basi. Kumbe ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai pembeni ya kizazi, nazo zimeondoka, na majibu ya maabara yalionyesha zilikuwa nzima.

Sikia, mdogo wangu. Kikitolewa kizazi peke yake, hedhi inakoma na mimba hakuna tena, lakini ovari zikibaki zinaendelea kutoa homoni. Zikiondolewa zote kabla hujakoma hedhi kwa umri, unaingia ukomo wa hedhi ghafla. Mwezi wa saba, baridi ya Arusha watu wamevaa masweta, mimi saa nane usiku nimefungua dirisha, khanga imelowa jasho la kukamua, mume wangu kajikunja kwenye blanketi ananiuliza kama ni malaria. Usingizi ukapotea. Ukeni pakawa pakavu, tendo la ndoa likawa maumivu matupu. Na estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, ikiondoka mapema, mifupa nayo inapungua nguvu kimyakimya.

Kinachoniuma hadi leo ni yule dada wa zahanati niliyoanzia. Aliniambia, "Ukishamaliza kuzaa, huko chini huhitaji kitu." Kwa upole kabisa, na alikuwa anapotosha! Huko chini kuna kizazi, kuna shingo yake, kuna ovari, na kila kimoja kina uamuzi wake. Sasa na wewe wenzako wa vikoba wamekwambia kila kitu kitolewe usije ukapata saratani. Sababu za kweli za kuondoa ovari zipo: saratani, uvimbe kwenye ovari yenyewe, au ukoo wenye saratani ya ovari na matiti. Daktari akikutajia mojawapo, msikilize. Lakini aitaje yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla hujachomwa nusu kaputi. Wenzako wa vikoba hawajaona picha yako ya utrasaundi.

Uliza na shingo ya kizazi. Ikiachwa, bado utatakiwa kuendelea kupimwa saratani ya shingo.

Hilo la kurudi sokoni Kiboriloni kufungua mabelo ya mitumba baada ya wiki mbili, lisahau. Ukipasuliwa tumboni, kaa wiki 6 bila kubeba kizito, hata ndoo ya maji, na mzee naye asubiri tendo la ndoa mpaka daktari aruhusu. Homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana: hospitali papo hapo.

Jumanne haijafika. Kesho asubuhi rudi kliniki, nenda na dada yako asikilize pia. Muulize daktari: ovari zangu zinabaki? Kama hazibaki, kwa nini, na nitapewa homoni baada ya hapo? Akishajibu, aandike kwenye fomu hiyohiyo kinachotoka na kinachobaki, usome mwenyewe, ndipo uweke sahihi.