Presha ya mafuta kwenye injini ya supachaja: usiamini geji gari likiwa limesimama

Nilitoa plagi ya silinda ya tatu nikaisogeza karibu na taa. Kauri yake ilikuwa nyeupe pe, na juu yake vidoa vidogo vinametameta kama chembe za chumvi. Fundi yeyote akiviona hahitaji maelezo: ile ni alumini, na imetoka kwenye pistoni. Supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada, ilikuwa na miezi michache tu tangu ifungwe, na aliyeharibu ni mimi mwenyewe, kwa mpira mmoja mwembamba usiofika hata urefu wa mkono.

Mpira huo ni ule unaotoka kwenye manifodi, bomba linalogawia silinda hewa, kwenda kwenye regulata, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, yaani petroli. Wengi huuona kama pambo. Kazi yake ni hii: injekta, inayonyunyiza mafuta, haijali presha iliyoko kwenye reli (bomba linaloilisha) peke yake, inajali tofauti kati ya presha ya reli na ya manifodi inakomwagia mafuta. Tuseme presha ya msingi ni baa 3. Supachaja ikisukuma hewa ya baa 0.6 (hiyo ndiyo busti), hewa hiyo inaikabili injekta mdomoni. Reli ikibaki na baa 3, kinachosukuma mafuta kweli ni baa 2.4. Mafuta hupungua kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani kama asilimia 11, wakati hasa injini inapoyahitaji zaidi. Mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo, joto linapanda, injini inaanza kugonga. Regulata iliyounganishwa vizuri huongeza presha sawa kwa sawa na busti: busti 0.6, reli 3.6, tofauti inabaki 3.

Mpira wangu wa zamani ulikuwa umepasuka kwa joto. Nikakata mpya, nikatafuta chuchu ya kuuchomeka, nikaiona moja safi karibu na regulata, kati ya kilango cha hewa (kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta) na supachaja. Nikawasha. Geji ikasoma 2.5, nikachomoa mpira ikapanda hadi 3, nikarudisha ikashuka. Kila kitu kama kitabu kinavyosema! Nikafunga boneti nikaenda zangu.

Kwenye injini yangu kilango cha hewa kiko kabla ya supachaja. Injini ikiunguruma taratibu, valvu ya kupitisha hewa pembeni iko wazi, kwa hiyo mvuto wa hewa kabla ya supachaja na baada yake unakaribiana. Ndiyo maana jaribio langu lilifaulu. Lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho, upande ule wa kabla ya supachaja hauoni busti hata kidogo. Unabaki na hewa ya kawaida au chini yake kidogo. Regulata ikawa inaambiwa hakuna busti, nayo ikatii. Chuchu sahihi ni ile iliyo baada ya supachaja, kwenye manifodi yenyewe. Na mpira huo usigawane na kitu kingine chochote, ufungwe klipu pande zote mbili, maana busti huchomoa mpira ambao mvuto wa hewa usingeuchomoa kamwe.

Kwa hiyo pima gari likiwa linafanya kazi. Funga sensa ya umeme ya presha kwenye reli, waya ndio uingie ndani. Usithubutu kuingiza bomba la mafuta kwenye kabini ili uone geji. Hilo silijadili na mtu. Halafu rekodi presha ya mafuta, busti na lambda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta; ikipanda, mchanganyiko unakauka) pamoja, gia ya tatu, kuanzia mizunguko 2,500 hadi juu kabisa, kwenye mashine ya kupima nguvu au uwanja uliofungwa. Ukimaliza, toa busti kwenye presha ya mafuta. Jibu linatakiwa kubaki palepale mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo rekodi inapokuwa tamu kuisoma. Tofauti ikianguka mara tu busti inapoingia, shida ni mpira au regulata. Ikianza vizuri kisha ikazama taratibu mizunguko inapopanda, pampu imeelemewa, au filta imeziba, au umeme haufiki. Ukichomoa mpira wa regulata ukakuta umelowa mafuta au unanuka, ngozi ya ndani ya regulata imechanika. Usiwashe tena kabla ya kuibadilisha. Ikiwa lambda inapanda kuelekea 0.9 kwenye busti kamili wakati gari lilityuniwa kwa 0.80 hivi, inua mguu kwanza, maswali baadaye.

Watu hukimbilia kununua pampu kubwa kabla ya kupima umeme. Pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikiwa na mzigo, wala si kwenye betri. Mimi nilikuta 13.9 kwenye betri na 11.4 kwenye pampu: waya wa zamani, mwembamba, umepita kwenye viungo vingi. Rilei, waya mnene kutoka betri na ardhi safi vilirudisha uhai wa pampu ileile. Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye pampu ni ya presha fulani. Presha ikipanda, lita zinapungua. Kwa kukadiria, injini ya petroli yenye supachaja ikitoa nguvu za farasi 300 hunywa kama lita 110 kwa saa, na juu ya hapo unataka akiba.

Kuna regulata zinazopandisha presha mara kadhaa ya busti ili uendelee na injekta ndogo za kiwandani. Sizipendi. Ili injekta itoe mafuta maradufu unahitaji presha mara nne, na kutoka baa 3 hadi 12 pampu ya kawaida haifiki. Nunua injekta kubwa, tyuni kompyuta, ulale usingizi.

Magari mengi yasiyo na bomba la kurudisha mafuta tangini yana habari tofauti: regulata iko tangini, presha haibadiliki, na ni kompyuta inayorefusha muda wa injekta kufidia busti. Hayo usiyapime kwa kanuni ya kujumlisha busti, utaona ubovu usiokuwepo.

Pistoni ilibadilishwa, injini ikarudi. Ile chuchu ya kabla ya supachaja nimeiziba kwa kofia ya mpira na klipu, na ile sahihi nimeipaka rangi nyeupe, pamoja na mdomo wa mpira wake.